Kuandika Maoni ya Riwaya Yenye Mapenzi, Hatari na Kicheko

Riwaya ya aina hii hubeba kazi tatu kwa mpigo: ikuchekeshe, ikuoneshe watu wawili wakisogeleana, na ikutie wasiwasi kwamba mmoja wao huenda akauawa kabla mambo hayajafika mbali. Maoni mengi ya wasomaji hushika kazi moja na kuziacha mbili. Anayeandika "nimecheka mpaka mbavu zinauma" hajamwambia mwenzake kama muuaji alijulikana kuanzia sura ya nne. Anayelalamika kwamba mapenzi ni kiduchu hajasema kama kitabu kiliwahi kuyaahidi. Njia inayofuatwa hapa ni kuipima kila kazi peke yake, halafu kutazama zinapogongana, maana kwenye mgongano ndipo riwaya hizi husimama au huanguka.

Mfano utakaotumika ni One for the Money ya Janet Evanovich, iliyotoka mwaka 1994. Stephanie Plum wa Trenton, New Jersey, amepoteza kazi ya kununulia duka nguo za ndani za kike. Fedha zimekwisha na gari linachukuliwa na wadai. Anambana binamu yake Vinnie, mwenye ofisi ya dhamana, ampe kazi ya kusaka watu walioruka dhamana. Mtu wa kwanza mwenye donge nono ni Joe Morelli, polisi anayetuhumiwa kuua, ambaye pia ndiye aliyemchezea Stephanie ujanani. Akimrudisha, analipwa dola 10,000. Hayo ndiyo tu unayoruhusiwa kuyasimulia katika maoni yako, na sababu itaelezwa mbele.

Kusoma ukiwa na penseli

Usitegemee kumbukumbu. Kicheko husahaulika haraka kuliko kitu kingine chochote kitabuni. Siku mbili baadaye unakumbuka kwamba ulicheka, hukumbuki ulicheka nini. Tumia herufi tatu pembeni mwa ukurasa: K kwa kicheko, M kwa mapenzi, H kwa hatari. Kitabu kikiwa cha kuazima, andika kwenye karatasi inayokaa ndani yake kama alamisho, herufi na namba ya ukurasa, basi. Unaposomea kwenye simu, andika asilimia badala ya ukurasa, kwa sababu ukikuza maandishi namba za kurasa hubadilika na mwenzako hatapata unachokisema.

Ongeza alama ya nne, mshangao (!), kwa sehemu mbili au zaidi zinapokutana katika tukio moja. Hizo zitakuwa chache na ndizo zitakazokulisha utakapoandika. Kwa kitabu cha kurasa 300, alama 40 hadi 60 zinatosha. Zikifika 100 umeacha kusoma, unafanya ukaguzi wa hesabu.

Ukimaliza, chora mstari mmoja, ugawe vipande kumi sawa, kisha zipange herufi zako mahali pake. Dakika kumi za kazi hiyo zinaonesha mambo ambayo hisia peke yake haioni. K zikijazana katika theluthi ya kwanza na kutoweka baadaye, mwandishi ameshindwa kuchekesha hatari ilipoiva. H zikikosekana vipande viwili mfululizo, yaani kurasa 60 hivi, hapo ndipo wasomaji wengi wataona kitabu kimelala. Na M zikitokea mwanzoni na mwishoni tu, mapenzi yamebandikwa kama stempu.

Kicheko

Hapa ndipo maoni mengi huwa maskini. "Kinachekesha sana" haimsaidii mtu, kwa kuwa kinachomchekesha shangazi yako si kinachokuchekesha wewe. Kinachosaidia ni kutaja kicheko kinatoka wapi. Chagua K tatu zilizokukamata zaidi, uziweke kwenye mojawapo ya mafungu haya:

Sauti ya msimulizi. Maneno yenyewe ndiyo yanayochekesha: namna anavyojibeza, anavyopunguza makali ya jambo zito, anavyomaliza sentensi pasipotarajiwa. Stephanie anasimulia katika nafsi ya kwanza, na sehemu kubwa ya ucheshi wa kitabu imo humo. Jambo hili lina athari: msomaji asiyeipenda sauti yake katika kurasa kumi za mwanzo hataipenda baadaye, na maoni yako yamwambie hivyo.

Tabia. Mtu anachekesha kwa kuwa ni yuleyule kila mara. Bibi Mazur, mama mzaa mama wa Stephanie, ni wa fungu hili: mzee asiyeona aibu, anayevutiwa na kila kitu ambacho mzee hatakiwi kuvutiwa nacho.

Tukio. Vitu vinaanguka, vinawaka, vinalipuka. Bibi huyohuyo anaishika bastola mezani wakati wa chakula na kumpiga risasi kuku wa kuokwa.

Mazungumzo. Wawili wanajibizana na kila jibu lina mwiba. Mara nyingi fungu hili ndilo linalobeba mapenzi pia, kwa hiyo litarudi.

Ukishalijua fungu, maoni yanakuwa mepesi kuandika: "Ucheshi ni wa sauti ya msimulizi na wa familia, vituko vya kuanguka-anguka ni vichache." Sentensi hiyo moja inamtosha msomaji kuamua.

Kosa linaloua sehemu hii ni kuusimulia mzaha wote. Mzaha ukisimuliwa upya na mtu mwingine hufa, na aliyesoma maoni yako ataufikia kitabuni ukiwa maiti tayari. Taja hali, ficha pigo. Tukio la kuku limetajwa hapo juu kwa makusudi bila kueleza bastola ilifikaje mezani wala baba alisema nini.

Kwa anayeandika kwa Kiswahili kuhusu kitabu cha Kiingereza kuna kazi ya ziada. Mchezo wa maneno hautafsiriki, usiulazimishe. Sema tu kwamba upo, na kwamba asiyezoea Kiingereza cha mtaani cha Marekani ataupita bila kuuona. Ukinukuu kwa tafsiri yako mwenyewe, sema ni yako. Na uchunge Kiingereza kisiingie kwa mlango wa nyuma: "sikuweza kukiweka chini" ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Kiswahili kina "nilikesha nacho".

Mapenzi

Kwanza amua kitabu kinadai kuwa nini. Chama cha waandishi wa mapenzi cha Marekani, Romance Writers of America, kimekuwa kikieleza riwaya ya mapenzi kwa masharti mawili: penzi liwe kiini cha kisa, na mwisho uwe wa kuridhisha wenye matumaini. Riwaya nyingi zenye bastola na busu hazitimizi sharti la pili katika kitabu kimoja. Zinauvuta uhusiano kwa vitabu kadhaa. Mfululizo wa Stephanie Plum umepita vitabu 30, na kitabu cha kwanza hakifungi ndoa. Kilipotoka kilipewa tuzo ya John Creasey ya chama cha waandishi wa uhalifu cha Uingereza, jambo linaloonesha waliokisoma kwa jicho la upelelezi walikiona chao. Basi anayekipa nyota mbili kwa sababu "hawakuoana" amekipima kwa rula ya kitabu kingine. Wa haki ataandika: "Penzi linaanza hapa, haliishii hapa." Msomaji wa mapenzi atajua la kufanya.

Kisha pima mambo matatu.

La kwanza, nini kinawazuia wasiwe pamoja? Kizuizi kizuri hakiondoki kwa mazungumzo ya dakika tano. Stephanie anahitaji kumkamata Morelli ili apate kodi ya nyumba. Morelli anahitaji kubaki huru ili ajinusuru na kesi ya mauaji. Wote wana haki, na mmoja akishinda mwingine anaumia. Kinyume chake ni kizuizi cha kutoelewana: kamwona na dada yake akadhani ni hawara. Ukikikuta, kitaje, kwa kuwa kuna wasomaji wanaofunga kitabu palepale.

La pili, nani ana nguvu juu ya mwenzake, na nguvu hizo hubadilishana mikono? Katika ucheshi wa mapenzi lazima zibadilishane, la sivyo utani unageuka uonevu. Morelli anamfunga Stephanie pingu bafuni akiwa uchi na kuondoka. Wapo wanaocheka, wapo wasiocheka hata kidogo, na wote wamesoma vizuri. Maoni yako yaseme upo upande gani na kwa nini: je, Stephanie naye anapata zamu yake? Je, kitabu kinajua kwamba amedhalilishwa, au kinaona ni kituko tu?

La tatu, joto. Msomaji wa Tanzania aliyezoea chombezo za simulizi za mtandaoni, na yule anayetaka kumpa binti wa kidato cha tatu, wote wanauliza swali hilohilo kutoka pande mbili. Jibu kwa maneno ya kawaida: kuna busu tu, kuna tukio la chumbani lakini mwandishi anakatisha, kuna tukio linaloelezwa mwanzo hadi mwisho, na ni mangapi. One for the Money ina utani mwingi wa kimapenzi na lugha isiyo na haya, ila Stephanie na Morelli hawalali pamoja katika muda wa kisa chenyewe; yaliyotokea yalitokea zamani. Anayesubiri chombezo atakuta matani.

Hatari

Maswali ya kujibu ni machache. Tishio linaingia ukurasa wa ngapi? Likishaingia, linaongezeka au linarudiarudia? Dalili za kumjua mhalifu ziliwekwa mbele ya macho yako, au alitolewa mfukoni mwishoni? Ili ujibu hili la mwisho, fungua tena sura tatu za mwanzo baada ya kumaliza. Inachukua nusu saa. Ukimkuta mhalifu humo, au ukikuta kitu kinachomhusu, mwandishi amecheza wazi.

Kuna lalamiko moja linalojirudia kuliko yote: mhusika mkuu kufanya ujinga. Anaingia ghalani peke yake usiku, hajamuaga mtu. Kabla hujalalamika, tenganisha ujinga wa aina mbili. Upo unaotokana na mtu: Stephanie hajui kazi, hana fedha, ameuza samani zake, na kila kosa lake linamgharimu kitu. Upo unaotokana na mwandishi: mtu tuliyeambiwa ni hodari anasahau akili zake katika ukurasa ambao kisa kinamtaka atekwe. Wa kwanza ni ucheshi na tabia kwa pamoja. Wa pili ni dosari; utaje pamoja na ukurasa.

Kumbuka mwaka pia. Kuuliza "kwa nini hakutuma ujumbe?" kuhusu kitabu cha 1994 ni kujiaibisha. Humo ujumbe wa vitisho unaachwa kwenye mashine ya simu ya nyumbani, na hofu inatokana na kuusikia ukiwa umechelewa.

Zinapogongana

Sasa zirudie alama zako za mshangao. Swali ni hili: kicheko kinaondoa hofu, au kinaifanya iume zaidi? Wakati mwingine mzaha huja mapema mno baada ya jambo zito na kulifanya jambo lenyewe lionekane si kitu. Wakati mwingine mzaha unanyamaza kabisa, na ule ukimya unamtisha msomaji kwa kuwa alishazoea kucheka.

Mhalifu anayeonekana zaidi katika mfano wetu ni mwanamasumbwi Benito Ramirez, anayewatesa wanawake, na kitabu hakimfanyii mzaha yeye wala mateso yake. Mmoja wa waathirika ni Lula, anayejiuza mtaani, ambaye hadi hapo alikuwa sehemu ya kicheko. Kuna wasomaji wanaoona ukatili huo hauna nafasi katika kitabu chenye bibi anayempiga kuku risasi. Wengine wanaona bila Ramirez kitabu kingekuwa vichekesho vitupu. Maoni ya maana yatachagua na kutoa sababu. Yasiyo na maana yatasema "kina kila kitu".

Hapa pia ndipo onyo linapokaa. Liandike kwa kutaja aina bila kusimulia: ukatili wa kingono upo, mwathirika anaonekana, kuna mizaha juu ya maumbo ya watu na asili zao ambayo imezeeka vibaya. Sentensi mbili zinatosha. Onyo refu hugeuka kuwa muhtasari wa kisa.

Yanayohitaji maelezo kwa msomaji wetu

Taasisi ya kigeni isiyoelezwa hufanya kisa kionekane cha ajabu kuliko kilivyo. Nchini Tanzania mdhamini ni ndugu au jirani anayefika mahakamani na kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa. Kenya watu huweka fedha taslimu, hati ya shamba au logibuku ya gari. Katika majimbo mengi ya Marekani zipo ofisi za biashara zinazomdhamini mtuhumiwa kwa ada, kwa kawaida asilimia 10 ya dhamana, na ada hiyo hairudi. Mtuhumiwa asipotokea mahakamani, ofisi inabeba mzigo mzima, ndiyo sababu inamlipa mtu amsake. Usiyaweke yote haya kwenye maoni. Kipande kimoja kinatosha: "anayelipwa na ofisi ya dhamana kuwarudisha walioruka dhamana." Kwa upande mwingine, mtaa wa Burg, alikokulia Stephanie, ambako jirani anajua umepika nini kabla hujapakua, hauhitaji kuelezwa kwa mtu yeyote aliyekulia Tandale au Mombasa.

Kutofichua

Kanuni ya robo: yaliyomo katika robo ya kwanza ya kitabu yanasimulika, baada ya hapo funga mdomo. Katika riwaya hizi kuna siri mbili za kulinda, na wengi hulinda moja. Ya mhalifu kila mtu anaijua. Ya mapenzi husahaulika: ukisema "mwishoni anamsamehe", umekula nusu ya kitabu cha mwenzako. Uchunge pia vidokezo vya ujanja. "Sikumtegemea kabisa yule!" humfanya msomaji amtazame kila mtu mpole kwa jicho baya, na atampata.

Ukilazimika kujadili mwisho, Goodreads, mtandao wa maoni ya vitabu, ina njia ya kuficha sehemu ya maandishi au maoni yote, na Telegram ina maandishi ya kufunikwa. Pengine pote, weka onyo mstari wa kwanza na uache nafasi tupu mistari kumi.

Nyota na ukweli

Nyota iwekwe mwisho. Ukiiweka mwanzo utaandika kuitetea. Na ujue mizani unayotumia: Goodreads haina nusu nyota, na kwa maelezo yao nyota tatu maana yake umekipenda kitabu, wakati watu wengi huzisoma kama lawama. StoryGraph, mtandao mwingine wa aina hiyo, inaruhusu robo. Usipige wastani wa K, M na H kama mwalimu wa hesabu. Katika aina hii fumbo dhaifu husameheka kama watu wanaolifumbua wanapendeza. Kicheko kilichokufa hakisameheki, kwa sababu hakuna kinachoweza kukaa mahali pake.

Usipunguze nyota kwa kifurushi kilichochelewa au jalada lililopinda. Hilo ni la muuzaji. Kitabu ukipewa bure na mwandishi au mchapishaji, sema hivyo mstari wa kwanza; sheria za biashara za Marekani zinataka jambo hilo litajwe wazi. Na mwandishi akiwa ndugu au rafiki wa karibu, Amazon hairuhusu maoni yako kabisa.

Mfano uliokamilika

Urefu wa maneno 100 hadi 300 hutosha. Haya yana zaidi kidogo ya 100:

"Kicheko kimeshinda, hatari imefuata, mapenzi ndiyo kwanza yanaanza. Stephanie Plum hana kazi wala gari, anaingia kazi ya kuwarudisha walioruka dhamana, na wa kwanza kwenye orodha ni Joe Morelli, mwanamume ambaye ana kisasi naye cha miaka. Ucheshi ni wa sauti yake na wa nyumbani kwao, hasa bibi. Kizuizi kati yake na Morelli ni cha kweli: mmoja akipata anachotaka, mwingine anakwenda jela au analala njaa. Tukio la pingu bafuni litawagawa wasomaji. Zamu ya Stephanie ipo, ila inachelewa. Mhalifu si mzaha, na kuna ukatili wa kingono unaoonekana. Kati kuna sura zinazozunguka bila tishio kuongezeka. Hakuna tukio la chumbani. Kinasomeka peke yake, lakini anayetaka harusi atafute kwingine. Nyota nne."

Sentensi ya kwanza imebeba hukumu yote kwa kuwa kwenye simu maoni marefu hukatwa na aliye na haraka hatabofya kusoma zaidi. Neno "kisasi" limetumika bila kusema Stephanie alikilipaje mara ya kwanza, ingawa kipo mwanzoni kabisa mwa kitabu na kanuni ya robo ingeruhusu. Kinahusu gari aina ya Buick, na ni K ya kwanza ya kitabu.